Mutu wa Inje ya Blanketi

Mu Dilala, pa Kolwezi, mu ile manyumba ya zamani kampuni ilijengea batu yake, kila lupangu, kiwanja na uzio yake, ilikuwa na kitu moja yenye majirani balikuwa banakuja kulomba. Kwa tata Mbayo ilikuwa ngazi. Ngazi ile ilizunguka cité muzima, kuko batu balizaliwa na kufa bila kujua ni ya Mbayo. Kwa tata Kalumba ilikuwa lumba-lumba, ile majani ya arufu kali, unaigusa tu ukipita na mukono inanuka mupaka kesho. Ilikuwa imeota nyuma ya jiko, karibu na bomba. Lakini mwenye kuipanda haikuwa ye. Ni bibi yake wa ndoa, Mushiya.

Na Mushiya haikuwa tena mu nyumba. Alipanda treni mwezi wa tatu, mwaka ile balifukuza batu ya Kasai. Baba yake bazungu njo balimuleta kuchimba shaba. Mushiya mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, Kasai alikuwa anaijua mu nyimbo ya mama yake tu. Lakini ile mwaka haikukuwa ya kuuliza mutu alizaliwa wapi. Balikuwa banauliza jina ya babu.

Kalumba ni mutu wa Lubudi, mwenye inchi, hakuna mwenye alimugusa. Alibakia. Nyumba ilibakia, viti ine, meza, saa ya ukuta yenye haitembeake, na kitanda yenye alikuwa analala upande moja, ule wake, kama vile upande ingine ingali na mutu. Na kulala ni neno tu. Alikuwa anafunga macho, kisha anasikia majogoo.

Sasa, lazima nieleze kidogo juu ya hii majani. Mushiya hakukuwa munganga. Ilianza wakati kazi iliregea, mushahara ikakuwa kitu ya kusikia. Banaume balianza kugonjwa bugonjwa haina homa. Mwanaume anaamuka, anavaa kofia yake ya kazi, anaikala pa mulango mupaka jua inaingia. Ukimuuliza inaumwa wapi, anaonyesha kifua, kisha kichwa, kisha anaacha. Ku dispansere banapima malaria, banaikosa, banamurudisha. Batu bakaipa jina: mawazo. "Fulani ana mawazo." Na mawazo haina sindano.

Mushiya alikuwa anachemusha lumba-lumba pamoja na majani ya sitroneli, ile ya chai, mu sufuria nyeusi. Anaiweka chini. Mugonjwa anaikala pa kiti fupi, anainama, blanketi ya kijivu inamufunika ye na sufuria yote. Mushiya anaikala inje ya blanketi, anamupa mugongo, anachagua maharagi. Sababu chini ya blanketi hakuna macho, na mutu mwenye hana macho mbele yake hana na haya. Kisha anauliza maneno tatu, kila siku ileile. Nani iko chini ya blanketi? Unajibu jina yako na ya baba yako. Jiwe iko wapi? Unajibu pale mawazo inakulemea. Ya tatu: nani aliiweka? Hapo sasa njo batu balikuwa banatoka jasho yenye haitoke na mvuke. Ukimaliza, anasema "nimesikia", paka hivyo tu. Anamwanga maji chini ya lupangu. Hakuna siku jirani alisikia neno ya jirani ingine kutoka mu kinywa yake. Hata Kalumba mwenyewe alikuwa anamubembeleza ku bukari, ugali ya mangaribi, "Mbayo alisema nini?" na Mushiya anamuambia, "Alisema uongeze mboga."

Basi, wakati usingizi ilimukatalia, Kalumba alikata majani, akachemusha, akajifunika. Peke yake. Akajiuliza ye mwenyewe, akajijibu ye mwenyewe. Jiwe iko wapi? Ku kifua. Nani aliiweka? Bakijana. Ni bakijana balipita na kelele, bakiita batu ya Kasai jina ya wadudu. Akatoka na jasho, akakauka, na jiwe iko palepale. Akafikiri majani ni kidogo. Akaongeza. Akaikunywa nusu kopo, akatapika mupaka ku bomba. Akaenda ku soko, muzee moja akamupa muzizi ya uchungu. Akalala siku mbili kama gunia, akaamuka na kiu, na kitu yenye alikuwa nayo mbele ya kulala ikamungojea pa mulango.

Juu kuko neno moja alikuwa nayo, hajamuambia mutu. Na kila akifika ku swali ya tatu alikuwa anaizunguka, sawa mutu anazunguka shimo mu barabara yenye anaijua.

Mwezi wa tano dereva ya kamyo moja alimuambia: kule Mwene-Ditu, mu Kasai, mu lupangu ya misioni, kuko mama moja anafukiza batu yenye treni ilimwanga kule. Ana masikio muzuri, anasema, lakini majani ya kule haina nguvu. Kalumba alimuuliza ule mama iko namna gani. Dereva akasema mufupi, anaongea kidogo. Kalumba akamushukuru, akarudi ku nyumba, akaikala. Akamwangia lumba-lumba maji. Ile hakukosa hata siku moja.

Nyumba ya pembeni yake ilikuwa ya mwalimu Kanyinda, naye mutu wa Kasai, alienda juma ileile na batoto wote. Sasa muliingia mwanamuke mujane wa Mutshatsha, mama Adolphine, muuza-makala, mwili mukubwa, sauti ya kuita ng'ambo ya muto. Kaka yake alivunja kifuli, akamupatia ile nyumba. Kalumba hakumusalimia. Miezi munane, hata "jambo" ya mudomo tu, hapana.

Siku ya Mungu moja, saa tisa ya muchana, batu bangali ku kanisa, Adolphine akasimama pa lupangu ya matete.

"Tata Kalumba."

Kalumba akaendelea kukata majani na kisu.

"Tata Kalumba, miezi munane. Hata mbuzi ya jirani, mutu anaisalimia."

"Mbuzi haivunjake kifuli ya mutu."

Adolphine akacheka kidogo, lakini haikuwa kicheko ya kushiba. "Kweli. Lakini mbuzi ingekuwa ilikula ile majani yako zamani, bila kulomba. Miye ninalomba. Silale, tata. Ku soko banasema huku kulikuwa dawa."

"Utaifanya namna gani?"

"Ninachemusha, ninakunywa."

"Haikunywewake. Inafukizwa. Na mutu hajifukize peke yake."

Alisema ile neno na kinywa yake mwenyewe, akaisikia na masikio yake mwenyewe. Akabakia amesimama na kisu mu mukono. Miezi munane alikuwa akila jasho ya bure.

"Basi nani atanifukiza?" Adolphine akauliza.

Kalumba akaangalia barabara. Barabara haikuwa na mutu. "Leta makala," akasema. "Ya kwangu ilimalizika."

Akachemusha vile alikuwa ameona, majani ya chini kwanza, ya juu mwisho. Blanketi ilikuwa ileile ya kijivu. Adolphine akainama, akapotea ndani, magoti tu inaonekana. Kalumba akaikala, akamupa mugongo. Hakukuwa na maharagi ya kuchagua. Akashika kidole yake.

"Nani iko chini ya blanketi?"

"Si unaniona naingia?"

"Jibu vile banajibuka."

"Adolphine. Mwana wa Kitenge, muchoma-makala wa Mutshatsha."

"Jiwe iko wapi?"

Mvuke ikapanda. Adolphine akakohoa. Kisha sauti yake ikatoka ndogo, Kalumba hakujua ana sauti ndogo vile.

"Iko nyuma ya mulango ya chumba. Mwalimu alikuwa anapima batoto yake pale. Mistari ya krayo, na jina, na tarehe. Tshiela hapa. Muamba hapa, chini kidogo. Ya mwisho ni ya mwezi wa pili. Nilisugua na sabuni. Nikapakaza chokaa. Inarudia, tata. Kila mara ninafunga mulango nilale, niko nabo, bamesimama palepale na urefu ileile. Benyewe kule banaongezeka, ao..."

Kalumba alibajua bale batoto. Muamba alikuwa anaiba limao yake.

"Nani aliiweka?"

Blanketi ikatingishika. Adolphine akatoka na uso muzima maji. "Inanichoma macho," akasema. "Hiyo ya tatu nitakujibu siku ingine."

"Nimesikia," Kalumba akasema, juu njo vile inasemwa.

Adolphine akapanguza uso na kitenge yake, akavuta pumzi, akamuangalia ye sana. "Sasa ni weye."

"Miye siko mugonjwa."

"Tata, ile suruali inatafuta mwenyewe. Ingia, maji ingali moto."

Na Kalumba, mutu mwenye alikataa kumusalimia miezi munane, akaingia. Chini ya blanketi mulikuwa giza na arufu ya mikono ya Mushiya. Alitaka kutoka palepale. Inje akasikia Adolphine anavuta beseni yake ya ndakala, ile samaki kidogo ya kukausha, yenye alileta pamoja na makala, anaanza kuivunja bichwa. Tak. Tak.

"Nani iko chini ya blanketi?"

"Kalumba. Mwana wa Kyungu, wa Lubudi."

"Jiwe iko wapi?"

"Ku kifua."

"Nani aliiweka?"

"Bakijana."

Tak. Tak. "Nani aliiweka?"

"Nilisema, bakijana. Ile siku."

Tak. Adolphine hakujua namna ingine. Mushiya alikuwa na hekima yake. Huyu alikuwa na vichwa ya samaki tu, na alikuwa na mingi. "Bon. Na nani aliiweka?"

Maji ikaanza kupoa. Mvuke ikakuwa matone inaanguka ku shingo. Alimuuliza mara tano, mara sita, haongeze sauti, hapunguze. Na Kalumba akachoka kuzunguka ile shimo.

"Balikuja batatu," akasema. "Balisimama pa mulango. Bakauliza, 'Mu hii nyumba kuko Mukasai. Ule mwanamuke ni nani yako?' Niliikala naye miaka makumi mbili na sita. Mungu hakutupa mutoto, tulikuwa paka babili tu. Nikasema, 'Ule? Ni mama wa kufua tu. Anaenda leo.'"

Samaki ikanyamaza.

"Alikuwa jikoni. Mulango ilikuwa wazi. Alifunga bitu yake mu kitambaa moja. Miye nilibeba mupaka ku gare, nyuma yake, mbali kidogo, sawa mutu mwenye balimupa kazi ya kubeba. Pa treni, batu banasukumana, batoto banalia, akageuka. Nikasema sasa atanitukana, nikafurahi hata. Akasema, 'Mama wa kufua anakuambia, lumba-lumba usiimwangie maji ya sabuni.' Akapanda. Ni miye. Ni miye niliiweka."

Inje kulikuwa upepo mu matete. Batu ya kanisa balianza kurudi, bikapita bicheko ku barabara.

"Nimesikia," Adolphine akasema.

Ingepaswa kuishia hapo, njo vile ile dawa inaishaka. Lakini Adolphine hakufundishwa. Akauliza, "Na ye alisikia? Ile ya kufua?"

"Alisikia."

"Basi si miye mutu wa kuambia."

Akasimama, akabeba sufuria, akamwanga maji chini ya lupangu. Kalumba akatoka mu blanketi, akaikala chini pa mukeka, akasema atapumuzika kidogo mupaka jua ipungue. Wakati Adolphine alipita kesho yake asubui na gunia ya makala ku kichwa, Kalumba alikuwa angali amelala pale, kinywa wazi, kuku inatembea kando ya mukono yake.

Usingizi moja haiponyeshe mutu. Siku zenye zilifuata alilala kidogo, akakosa, akalala tena. Jiwe ilikuwa ingali, lakini sasa alijua uzito yake, sawa fundi anajua chuma yake. Siku ya ine akachukua kopo ya maziwa ya unga, akaitoboa chini, akatia udongo, akapasua muzizi moja ya lumba-lumba akaipanda mule. Akafungia jani na kitambaa chenye maji. Akamupa Adolphine ufunguo ya nyumba.

"Ukimwangia yenye inabakia—"

"Hakuna sabuni. Nilisikia." Adolphine akazungusha ufunguo mu kidole. "Tata, ukikutana na mwalimu kule..." Akaacha. "Ule mulango siupakaze tena. Umuambie vile."

"Uende umuambie mwenyewe."

"Siku ingine," akasema.

Ku gare mutu wa kuandika majina alikuwa nyuma ya meza fupi. Kulikuwa batu kidogo, karibu wote ba kuteremukia Lubudi na mbuzi yabo. Akafika kwa Kalumba, akaangalia kopo, akaangalia suruali.

"Mwene-Ditu? Batu banatoka huku kwenda kule na machozi, weye unaenda na maua. Una nani kule?"

Nyuma yake batu ya mustari balitega masikio, juu ile maulizo batu bangali banaiogopa.

"Bibi yangu," Kalumba akasema. Kisha, juu ilitoka ndogo, akaisema tena, na sauti ya kuita mutu ng'ambo ya reli. "Bibi yangu. Mushiya, mwana wa Mukendi. Mutu wa Kasai."

Batu baligeuka. Hakuna mwenye alimupiga, hakuna mwenye alimupongeza. Mama moja alivuta gunia yake, akamuachia pa kuikala. Mutu wa meza akaandika.

Treni haikukuja ile siku. Haikukuja na kesho. Kalumba aliikala ku simenti, kopo kati ya miguu, anainyunyizia maji ya bomba na kiganja. Kule mbele hakujua. Labda Mushiya atafunga mulango. Labda atamuita tata fulani, sawa mugeni. Alikuwa anafikiri paka swali ya kwanza tu: atapiga hodi pa lupangu ya misioni, na mu ndani sauti itauliza nani iko. Atasema jina yake, na ya baba yake. Kisha atangoja swali ya pili.