Sisimizi Bafuni kwa Bibi Maendeleo

Ottilia aliwamwagia maji ya moto, wakafa. Asubuhi wakarudi. Akawawekea majivu, wakapita pembeni. Akanyunyiza mafuta ya taa, bafu likanuka kama karakana kutwa nzima, na jioni sisimizi wale wale wakawa wamejipanga mstari kutoka kwenye ua wa matete hadi jiwe la kuogea, kama watu waliotumwa kazi.

Jambo hilo lilimkera kuliko alivyotaka kuonyesha. Yeye ndiye Bibi Maendeleo. Tangu watu wa mwambao wa ziwa wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akihimiza choo, bafu na kichanja cha vyombo. "Bafuni pa kuoga, chooni pa haja," ndivyo alivyozoea kuwaambia, na nyumbani kwake vilevile. Bafu lake ndilo lilikuwa la mfano, na Jumamosi akina mama wangekuja kulitazama.

Vitalia, jirani yake na kiongozi wa akina mama, alikuja kulikagua kabla ya wenzake. Aliinama, akatazama mstari, akainuka akicheka.

"Sisimizi hawafuati maji matupu, Mama Tadea. Humu kuna mtu analamba sukari."

"Sukari ipi? Duka la kijiji halijaona sukari tangu mvua zianze."

"La kijiji, ndiyo. Lako je?"

Ottilia alitupa jicho mlangoni. Ndani alikuwa na nusu kopo, aliloletewa na mumewe Dunstan, bwana samaki wa serikali, kutoka Mbamba Bay. Na mara akamkumbuka mama mkwe.

Mama Bonifasia alikuwa ameshuka kutoka Mpepai kuja kukaa nao. Tangu afike alikuwa haishi kwenda bafuni, asubuhi, mchana, jioni. Akiulizwa alisema anajimwagia maji, joto la ziwani linamwua mtu aliyezoea baridi ya milimani. Na chai akitaka tamu, kila siku tamu. Ottilia akaona hesabu imekamilika. Akamwacha Vitalia uani, akaingia chumbani kwa mzee bila hata kulitazama kopo.

"Mama, sukari iko wapi?"

"Sukari gani?"

"Ya kwenye kopo. Bafuni sisimizi wamejaa, na wewe ndiye unayeshinda huko. Ukitaka utamu si useme tu, Mama? Kujificha kulamba ni mambo ya mtoto kama Tadea!"

Hakupunguza sauti. Huko nje hatua za Vitalia zilisita.

"Sijagusa kopo lako, mwanangu."

"Na hawa?"

Mstari mwingine wa sisimizi ulipita chini ya mlango, ukaingia uvunguni mwa kitanda hadi kwenye furushi la mzee. Mama Bonifasia akaliwekea mguu mbele.

"Hilo usiguse."

Ottilia alijua kabisa kwamba mkamwana hafungui furushi la mama mkwe wake. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Akalivuta, akalifungua.

Juu palikuwa na rozari na gauni la kanisani, limekunjwa vizuri. Chini yake khanga tatu zimeviringishwa pamoja, mbichi, zinanuka mkojo, na sisimizi wamegandana juu yake weusi tii.

Mzee alikuwa ametazama ukutani.

"Sifiki," alisema polepole. "Choo kiko mbali, bafuni umekataza. Najisaidia humo kwa kuiba. Usiku ndiyo unanitoka nikiwa nimelala. Hufua ukienda kazini. Jana ulishinda nyumbani."

Khanga zilikuwa bado mikononi mwa Ottilia. Chuoni waliwahi kufundishwa: kiu isiyokatika, mwili kukonda, mkojo mwingi, na wadudu kuufuata. Ugonjwa wa sukari. Aliulizwa kwenye mtihani, akajibu vizuri, akasifiwa. Humu ndani, mtungi ulikuwa ukikauka kabla ya jua kutua naye akadhani ni joto. Mzee alikuwa akijifunga khanga mizunguko miwili mahali palipotosha mmoja, naye akamtania kwamba samaki wetu usipa hawajakupenda, Mama. Tena alikuwa amecheka.

"Bibi Maendeleo!" Vitalia aliita. "Umeipata?"

Mama Bonifasia alimshika mkono. Vidole vilikuwa vyepesi kama vya mtoto.

"Mwambie umeipata. Mwambie nimeiba."

"Mama, hapana."

"Mwizi wa sukari watamcheka, watachoka. Hili hawatachoka nalo. Na Dunstan asisikie. Nakuomba."

Ottilia alirudisha khanga kwenye furushi, akatoka.

"Nimeipata," alisema. "Ni mimi. Niliificha bafuni nyuma ya jiwe, nisije nikawagawia wageni. Mama hajagusa kitu. Nimemsingizia."

"Wewe?" Vitalia alishika kiuno. "Si wewe uliyesimama mkutanoni ukasema anayeficha bidhaa ni mnyonyaji?"

"Mimi huyo huyo."

"Yesu na Maria! Na mkweo ukamfokea kama mtoto!" Vitalia alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Haya, mnyonyaji wetu, Jumamosi tutakuja kutazama ghala." Akaondoka, na njia aliyoshika haikuwa ya kwake, ilikuwa ya kisimani, kwenye watu.

Ottilia alichukua karai, akazifua khanga mwenyewe, pale uani mchana kweupe. Mama Bonifasia alikuja akasimama mlangoni.

"Umejiharibia jina kwa ajili yangu."

"Kesho tunapanda lori, Mama. Hospitali ya misheni, huko juu milimani. Huo ni ugonjwa, una dawa yake. Dunstan ataambiwa unaumwa, basi."

"Hujakasirika?"

Ottilia hakuweza kuinua uso. Hakuwa akimfikiria Vitalia na kisima chake. Alifikiria jinsi mzee huyu, nyumbani kwa mwanawe, alivyoona ni afadhali aitwe mwizi kuliko kumwambia yeye kwamba anaumwa.

"Nisamehe, Mama," alisema ndani ya povu.

Mzee aliingia, akachota maji mtungini, akanywa kikombe kizima, akachota kingine. Ottilia alikamua khanga ya mwisho. Maji yake yalitiririka hadi kwenye ua wa matete, na sisimizi wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Aliwaacha wapite.