Mtani wa Mektilda

Watu wa Tabora wakiniona nimesimama mlangoni kwao, swali la kwanza ni nani amekufa. Siwalaumu. Mimi ni Mzaramo, wao ni Wanyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, mababu zao walipoteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo, shanga na watani. Babu yangu alikuja baadaye, kwa treni, akanogewa akabaki. Kwa hiyo Mnyamwezi akifa, naitwa. Navaa nguo za marehemu, naiga mwendo wake, nataja mabaya yake yote mbele ya wakwe, kisha nashuka kaburini na kulala humo mpaka wafiwa wanipe chochote ndipo nitoke. Watu wanalia huku wanacheka. Hakuna anayeruhusiwa kunikasirikia, maana ndiyo kazi ya mtani.

Siku ambazo hakuna aliyekufa, nauza vitumbua Gongoni.

Vitumbua ndivyo vilivyonifikisha Nyumba ya Tulizo. Iko Mtendeni, ina vyumba vinne, na ni ya watoto ambao wazazi wao wameshaambiwa na madaktari, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna tena la kufanya. La kufanya lipo, anasema Sista Apolinaria, mtawa na muuguzi anayeiendesha: mtoto asiumie, asilale na njaa, asiwe peke yake. Nyumba inaishi kwa michango ya watu wa mji. Wengine wanaleta unga na kuondoka kimyakimya. Wengine wanaleta katoni moja ya sabuni, bango lenye majina yao na mpiga picha, na sabuni inapigwa picha kuliko bibi harusi. Mheshimiwa mmoja alimkabidhi mpira wa miguu mtoto asiyeweza kusimama. Mimi kila Jumamosi napeleka ndoo ya vitumbua, na nikimkuta mpiga picha mlangoni nampiga kikumbo.

Huko ndiko nilikomkuta Mektilda, binti wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa Raymundi, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo. Saratani ilikuwa imeanzia gotini, ikapanda. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, na mdomoni hakuwa na kufuli. Aliwapangia watoto wenzake zamu za kukaa dirishani. Alicheza karata na kila mgeni na kumshinda kila mgeni, kwa sababu karata nzuri alizificha ndani ya bandeji.

Jumamosi moja alinikodolea macho mpaka nikajipangusa uso.

"Bibi Tunu, si wewe uliyelala kwenye kaburi la bibi yangu?"

"Ndiye mimi. Bibi yako alichimbiwa kaburi zuri, lenye nafasi."

"Ulivaa gauni lake ukawa unamfokea babu. Nilicheka mpaka nikajikojolea." Akalamba mafuta vidoleni. "Na kwangu utakuja?"

Nyumba ile ina kelele nyingi, lakini habari ya kifo hakuna anayeitaja. Nikatafuta pa kukimbilia. "Kwa mtoto mtani hatanii, Meki. Mtoto anazikwa kimya. Ndivyo tulivyokuta."

"Kimya?" Akakaa wima, jambo lililomuuma, nikaona. "Bibi mlimcheka siku nzima. Mimi nizikwe kama mnaficha sahani mliyovunja?"

Machozi yalimtoka, ya hasira. Kisha akainamisha kichwa, akaniambia lililokuwa chini ya yote hayo. "Baba hataki kunisikiliza. Kila akija anasema nikipona ataninunulia baiskeli. Juzi ameleta kengele yake. Kengele, Bibi! Baiskeli yenyewe hamna. Nikimwambia sitapona anasema anatoka kuvuta sigara, na baba havuti sigara. Nina mambo ya kumwambia. Wewe hawezi kukukasirikia. Njoo ufanye msiba wangu mimi nikiwa nasikia, na yeye awepo."

Nimelala katika makaburi zaidi ya thelathini wala sijawahi kushtuka. Siku ile niliogopa. Kumfanyia mtu msiba angali hai ni uchuro, hata mimi najua mpaka wangu. Nilirudi Gongoni nikaunguza vitumbua siku mbili mfululizo, wateja wakanitukana.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Sista Apolinaria nikitumaini atanikatalia, nipate pa kujifichia. Alinisikiliza huku anakunja shuka.

"Tunu," akasema, "nimeona watoto wanaondoka huku wanawabembeleza wazazi wao, badala ya wao kubembelezwa. Jumamosi saa nne nitakuwa uani naanika nguo. Sitaona kitu. Ila nikirudi nisikute umevunja kitanda."

Basi. Jumamosi nikampandisha Meki kwenye kiti chenye mito, akanipa gauni lake jeupe la komunyo ya kwanza. Lilipita kichwani, likafika kifuani, likagoma. Mikono ikabaki juu kama mtu anayekamatwa na polisi. Nikajitupa kitandani kwake hivyohivyo.

"Uwiii! Mektilda ametutoka! Nani sasa atatuibia karata? Mfungueni bandeji jamani, ana karata nne humo! Marehemu alikuwa mwizi!"

Meki akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Marehemu alikuwa na dharau! Uji wa Sista aliuita chokaa! Marehemu alijiona mkuu wa wilaya! Huko mbinguni malaika wanagombania pa kujificha, wamesikia anakuja kuwapangia zamu za dirisha!"

"Sauti yangu si hiyo!" Meki akapiga kelele. "Yangu nyembamba!"

"Mwoneni, amekufa na bado anasahihisha!"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikataka kuacha, akanipungia mkono niendelee. Watoto wa vitanda vingine walikuwa wanapiga makofi. Mmoja akaomba na yeye aliliwe kidogo. Ndipo nikamwona Raymundi mlangoni, na mfuko wa karanga mkononi. Hata sijui alisimama pale tangu lini.

"Mama Tunu," akasema polepole. "Unamchulia mwanangu?"

"Nafanya kazi yangu, mtani."

"Toka kwenye hicho kitanda."

Naapa nilitaka kutoka. Lakini gauni lilikuwa limenibana, na mtoto alikuwa ananitazama. "Sitoki. Hapa ndipo nilipolala. Wafiwa wanipe kitu."

"Hakuna mfiwa hapa!" Karanga zikamwagika. Akageuka atoke, mkono ukaenda mfukoni kutafuta sigara asizokuwa nazo.

"Baba." Meki hakupaza sauti. "Nimechoka. Nataka kulala, na Bibi amelala mahali pangu. Mpe kitu atoke."

Raymundi akasimama. Yeye ni Mnyamwezi, mila anazijua kuliko mimi: anayempa mtani kitu ni mfiwa. Akitoa, amekubali. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, yule mtoto mwenye upara na miguu ya vijiti, na Meki hakuyakwepesha macho. Nikasikia maji yakichuruzika uani kutoka kwenye nguo za Sista.

Kisha Raymundi akasogea dirishani, akaichukua ile kengele ya baiskeli, akaja akaiweka kiganjani mwangu. Kabla sijakifumba, akawa ameketi sakafuni katikati ya karanga, analia mdomo wazi. Meki akamwekea mkono kichwani.

"Haya, sasa nisikilize. Kwanza, mbuzi wangu usimuuze."

Nikatoka, na gauni la Meki bado kifuani. Uani nikamkuta Sista Apolinaria anaanika shuka moja kwa mara ya tatu. Akanivua gauni bila kuniuliza kitu, nikalia kwenye shuka lake safi, akalazimika kulifua upya.

Meki aliishi wiki tano baada ya hapo. Raymundi hakuitaja tena baiskeli. Walizungumza habari za mbuzi, habari za bibi, na wapi hasa achimbiwe ili awe karibu na bibi huyo. Walicheza karata, na siku baba alipogundua siri ya bandeji, kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Mimi nilipewa onyo moja tu.

"Za siku ile usizirudie, Bibi. Wenzangu wameshazisikia. Kwenye mazishi ulete mpya."

"Kwa mtoto mtani..."

"Ulete mpya."

Tulikwenda Urambo, mimi na Sista, kwa basi la asubuhi. Watu walijaa, na kimya chao kilikuwa kilekile alichokikataa Meki. Mama mmoja mzee aliponiona akanivuta khanga: "Mzaramo, leo ukae chini. Huyu ni mtoto." Nikamwitikia vizuri, kwa sababu kwa kweli sikuwa na kitu. Nilikuwa nimekesha natafuta kichekesho hata kimoja, nikakosa.

Nikatangulia makaburini, kama kawaida yangu, kukagua pa kulala. Lilikuwa kando ya lile la bibi yake. Kaburi dogo. Nimezoea kuingia kwenye makaburi ya watu kama naingia jikoni kwangu, lakini hili nisingeenea. Hata nikijikunja. Nikaona kweli bora nikae chini.

Jeneza likaja, limebebwa na watu wanne, ingawa wawili wangetosha. Waombolezaji walikuwa wamesongamana njiani, kila mmoja ameinamisha kichwa, hapiti mtu. Raymundi alikuwa katikati yao. Akainua macho akanitafuta mimi, na nikaona anangoja. Baba mtu alikuwa ananingoja!

Nikaingiza mkono kwenye mkoba. Kidole kikaipata chenyewe.

*Kring, kring.*

Vichwa vyote vikainuka. Yule mama mzee akashika mdomo.

"Pisheni!" nikapiga kelele, na sauti ikatoka imepasuka. "Pisheni nyie, mnazubaa barabarani! Meki anapita! Hana breki!"

*Kring, kring, kring.*

Hakuna aliyetikisika. Nikadhani nimeharibu, nikadhani nitafukuzwa Urambo kwa mawe, na huku nalia nikaendelea kupiga ile kengele, maana nilikuwa nimeagizwa.

Ndipo Raymundi akacheka. Kilikuwa kicheko cha binti yake kabisa, kilekile cha kukohoa. Akaruka pembeni, kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa, akawavuta na wenzake wawili kwa mashati.

"Hamsikii?" akawaambia. "Mpisheni mtoto apite."