Dirisha la Chini

Mara ya tatu karakana ilipotoa madirisha yote saba yakiwa sawasawa kama meno ya bandia, Haroun aliweka jalada la michoro juu ya mfuko wa saruji, akashika kiuno. Kosa la kwanza alilichekea. La pili aliligombea. Hili la tatu alitaka lielezwe.

"Mwambie," alimwambia Théodore, "mimi sikuja Guangzhou kutalii."

Théodore, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuja China kusoma akaishia kuwa mkalimani wa wafanyabiashara, alizungumza Kichina kwa dakika nzima. Mwenye karakana, laoban Liang, alisikiliza kwa adabu, akatabasamu, akasema, "Mei wenti." Hakuna tatizo. Wiki tatu sasa Haroun alikuwa akiambiwa hakuna tatizo, na kila akiambiwa hivyo tatizo lilizaliwa upya.

Haroun alikuwa mchora ramani wa Dar es Salaam, na kazi hii alipewa na Bi Swalha, muuguzi mstaafu aliyekaa Uingereza miaka kumi na minne. Bi Swalha alikuwa akijenga Mbezi, na uso wa nyumba yake alitaka ufanane na jumba moja la kale la mashambani kule Uingereza. Alimpa Haroun picha tano alizozipiga mwenyewe. Katikati palikuwa pa zamani kuliko kote: ukuta wa mawe, paa lililochongoka, madirisha mafupi yaliyogawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe, na vioo vidogo vilivyokatwa pembe nne. Ubavu wa kulia ulijengwa kwa matofali miaka mia na ushee baadaye, nao madirisha yake yalikuwa marefu, ya kusukuma juu. Kushoto mtu mwingine aliongeza chumba kilichochomoza nje. Hakuna kilicholingana na mwenzake. La kuudhi zaidi lilikuwa dirisha moja la katikati, ambalo kizingiti chake kilishuka hadi magotini mwa mtu, kana kwamba fundi alikosea kupima.

Liang alikuwa akifinyanga fremu hizo kwa zege lililochanganywa na unga wa mawe, na kwa kweli mkono wake ulikuwa mzuri mno. Ila hakuweza kuvumilia upogo. Kila akipewa mchoro, aliunyoosha.

"Patron huyu anasema hivi," Théodore alitafsiri. "Ile nyumba iko kama mtu mwenye kilema. Yeye anataka kuisaidia tu, voilà. Dirisha ile ya chini ameipandisha, bure kabisa."

Kilichomchoma Haroun ni kwamba moyoni alikubaliana na Liang. Tangu siku ya kwanza aliliona jumba lile kama viraka vitupu. Alikuwa akigombana kila siku kwa ajili ya kitu asichokipenda, kwa niaba ya mama asiyesikia ushauri. Jioni ile alikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na stesheni ya treni, akapenya katikati ya mikokoteni ya viatu ya soko la Zhanxi akisukumwa kila upande, akapiga Dar.

"Shikamoo, Bi Swalha. Huku mambo magumu. Naomba tuyafanye madirisha yalingane. Nyumba itapendeza."

"Marahaba. Hapana."

"Basi angalau lile la chini tulipandishe."

"Hilo ndilo kabisa usiliguse, Haroun."

"Lakini kwa nini, mama? Niambie sababu moja tu!"

Bi Swalha akasema kwamba alipokuwa akifanya kazi huko, jumba lile lilikuwa limegeuzwa nyumba ya kuuguzia wagonjwa wa muda mrefu. Vyumba vya ubavuni vilikuwa na madirisha makubwa ya fahari, lakini mtu akilala kitandani haoni ila mawingu. Katika chumba kile cha kale chenye dirisha la chini tu ndipo mgonjwa aliweza kuona bustani, farasi na watu wanaopita. Wagonjwa walikigombea kitanda kile.

"Mume wangu Khatib hajaona nje tangu Machi alipoanguka," alisema. "Anaona dari."

Haroun alihisi uso ukimwaka. "Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekwambia ni ya mgonjwa, ungenichorea wodi. Mimi nataka nyumba."

Asubuhi iliyofuata Haroun hakufungua jalada. Alipanga mbao mbili juu ya matofali kwa kimo cha kitanda, akalala chali, mbele ya mafundi wote, akaomba fremu ya Liang isimamishwe kando yake. Hakuona kitu ila mabati ya paa. Akaomba ishushwe. Akauona uwanja, baiskeli, na mpishi wa karakana akiosha mboga. "Mgonjwa," akasema, akijigusa kifua, na Théodore akamalizia maelezo.

Liang hakusema mei wenti. Alimwondoa Haroun, akalala yeye. Akiwa bado chali, akauliza jambo.

"Anauliza," Théodore alisema, "mzee analalia upande gani?"

Wiki tatu za kelele, na swali hilo Haroun hakuwahi kulifikiria.

Ikabidi arudi kibandani. Bi Swalha alikwenda chumbani kumuuliza mumewe, akarudi: ubavu wa kushoto, bila mto. Liang aliposikia habari ya mto aliguna, akashusha kizingiti kwa vidole vinne zaidi, akataka mchoro urudiwe wote. Haroun aliurudia huku akinung'unika, kwa kuwa sasa zile nguzo nyembamba nazo zilibidi zisogee zisimzibe mgonjwa macho.

Kontena liliondoka mwezi wa kumi. Mwaka uliofuata Bwana Khatib alikuwa akiwasalimia kwa majina wapita njia wa Mbezi, mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha. Wapita njia haohao walisema mchora ramani wa nyumba ile bila shaka alikuwa mlevi. Haroun alijaribu kuwaeleza wawili watatu, akaona hawamwelewi, akaacha.