Bora na Mbovu kwenye Ubao wa Benadeta

Benadeta alikuwa fundi cherehani pale senta ya Nyaishozi, na kwa mambo ya filamu alikuwa hakimu. Hakuna aliyemteua. Alijiteua mwenyewe, na kwa kuwa hukumu zake hazikuwahi kupinda, watu walizoea. Kila Jumapili baada ya misa alikula, akajifunga kitenge cha kutokea, akaenda kukaa benchi la mbele katika kibanda umiza cha filamu cha Jovitus. Jumapili ya mwisho wa mwezi alishika chaki na kuandika kwenye ubao wa mlangoni: kushoto filamu bora ya mwezi, kulia filamu mbovu. Iliyosifiwa ilirudiwa wiki nzima. Iliyopondwa haikuonekana tena, hata kama Jovitus alikuwa ameihangaikia hadi Bukoba.

"Mimi nikiandika sifuti," alipenda kusema. "Anayefuta ni yule aliyeandika kabla hajatazama vizuri."

Jovitus naye alikuwa na kipaji chake. Alikaa kando ya skrini na maiki, shavuni kaficha kahawa ya kutafuna, na filamu ikianza, iwe ya Kihindi au ya Kichina, yeye aliwasemea wote kwa Kiswahili, mabibi na majambazi. Mambo yakichemka aliteleza hadi Kinyambo cha nyumbani, na hapo banda lilicheka mpaka mabati yakatetemeka. Lugha zote hizo, alisema, alizipata Kampala. Kampala ni mbali, hakuna aliyekwenda kuuliza.

Mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka karibu kila ua, Benadeta alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliandika filamu bora katikati ya mwezi. Haikuwa na jina ambalo mtu wa Nyaishozi angeweza kulisoma, kwa hiyo waliiita Bibi wa Majani ya Chai. Bibi mmoja mjane ana shamba la chai mlimani, na ndugu wa marehemu mumewe wanakuja na suti nyeusi kumtoa. Mwishoni anasimama mbele yao ukumbini, kikombe mkononi, na kwa kinywa cha Jovitus anasema:

"Nilipoingia hapa palikuwa na nyasi na nyoka. Leo pana kivuli. Anayetaka kunitoa, kwanza azirudishe zile nyasi, unyasi mmoja mmoja, kama zilivyokuwa. Akimaliza, aje aniambie hapa ni pake."

Banda zima lilipiga makofi. Aliyeanza kupiga alikuwa Cassian, shemeji yake Benadeta, tena alipiga kwa nguvu hadi kofia ikamdondoka. Benadeta aligeuka akamwona, akacheka kimoyomoyo. Huyo huyo Cassian ndiye aliyeongoza ndugu miaka mitatu nyuma, Novatus mumewe alipofariki, walipoitisha kikao kumtoa yeye Benadeta kwenye kibanja chake cha migomba. Kweli nyani haoni kundule.

Habari ya kikao kile Benadeta hakuipenda. Kibanja kilibaki kwake, ndiyo, lakini siku ile alitetemeka kwa hasira, masikio yakamvuma, machozi yakamtoka mbele za watu, na hakukumbuka hata neno moja alilosema. Mwenyewe aliamini kwamba walimwachia kwa huruma, kama mtu anavyomwachia mtoto anayelia. Aliyekuwa na sauti kuliko wote pale senta alikuwa na siri hiyo moja, nayo ilimuuma.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda Rubwera, kwa Benitha, karani wa huko na binti wa dada yake, kumpelekea magauni aliyomshonea yeye na wenzake watatu wa ofisini.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Waite wenzako wajaribishe."

Walikuwa bado wanajitazama kwenye kioo televisheni ilipomwonyesha yule bibi wa Kichina, na safari hii sauti zilikuwa zimeshatiwa Kiswahili na wenye filamu yao. Benadeta aliacha futi kamba sakafuni.

"Kaeni chini wote," alisema. "Hii nimeiandika bora ya mwezi. Tafuteni leso kabisa, mtalia."

Wakakaa. Bibi yule kumbe hakuwa mjane; mume alikuwa chumba cha pili amelala. Wale wa suti nyeusi walikuwa waamuzi wa mashindano ya kupika chai. Benadeta alijikaza, akisubiri ukumbi na hotuba. Bibi akasimama, kikombe mkononi, akawatazama waamuzi kwa yale macho makali, akasema: "Maji yasichemke sana. Kikombe kisuuzwe mara mbili. Majani yafunikwe kidogo kabla ya kumimina." Waamuzi wakapiga makofi. Akapewa medali. Ikaisha.

"Mama mdogo," aliuliza Benitha kwa adabu zote, "tulie sasa, au bado kidogo?"

Wenzake waliuma midomo wasicheke, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Njia nzima hadi Nyaishozi Benadeta aliuwaza ubao wake. Ilikuwa filamu mbovu kuliko zote alizotazama mwezi huo, na jina lake lilikuwa kwenye ubao, upande wa bora, kwa mwandiko wake. Akiiacha pale, yeye ni mwongo pamoja na mwongo mwenzake. Akiifuta, kwisha kauli yake ya miaka yote, na Jovitus hatapata tena mtu wa kumsikiliza.

Kesho yake alifika bandani kabla ya watu. Jovitus alikuwa anapanga mabenchi.

"Jovitus, Kichina unakijua?"

"Waitu, dada, kidogo kidogo," alijibu kwa heshima ya Kinyambo.

"Maji wanayaitaje?"

Jovitus alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

"Huwa naangalia sura zao," alisema hatimaye. "Kisha naweka maneno yanayofanana na sura."

"Yule bibi alikuwa anafundisha kusuuza vikombe."

"Vikombe?" Jovitus alishangaa kweli. "Kumbe ndiyo maana hakukiweka chini."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Ile hotuba ya nyasi uliitoa wapi? Na usiseme umetunga. Wewe hata salamu za harusi unasoma kwenye karatasi."

"Kwako, dada."

"Kwangu wapi?"

"Siku ya kikao cha kibanja. Mimi si jirani yako wa mpaka? Waliniita nishuhudie mpaka unapopita. Ulisimama kwenye migomba, machozi yanatoka, ukasema yale. Nyasi, nyoka, kivuli, yote. Cassian alitafuta la kujibu akalikosa, wazee wakamwambia akae. Sasa nilipomwona yule bibi mbele ya wale wanaume, maneno mengine sikuwa nayo. Hayo ndiyo yalikuja."

Benadeta aliketi kwenye benchi ambalo halijapangwa. Hawakumhurumia. Aliwashinda. Na yeye, hakimu wa filamu, alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe kwa mdomo wa mtu mwingine, akayapa ushindi bila kujua ni ya nani.

Alisimama, akachukua chaki. Kulia aliandika: Bibi wa Majani ya Chai, kama walivyoitengeneza wenyewe. Kushoto hakufuta kitu. Aliongeza tu chini yake: kama anavyoisema Jovitus. Maneno ni ya Benadeta, mjane wa Novatus, aliyoyasema kibanjani kwake.

Watu walipofika walijazana mlangoni. Cassian alisoma pande zote mbili, akarudia kushoto mara ya pili, midomo ikicheza.

"Shemeji," alisema, "mbona filamu moja iko bora na iko mbovu?"

"Soma mpaka chini."

"Nimesoma."

"Basi ingia utazame tena."

Cassian alivua kofia akaingia, akakaa mahali pake nyuma. Filamu ikaenda mpaka ukumbini, bibi akasimama na kikombe chake, na Jovitus akanyamaza. Alinyoosha mkono akampa Benadeta maiki.

Benadeta aliisema yote, kuanzia nyasi na nyoka mpaka mwisho, na sauti yake haikutetemeka. Alipomaliza, makofi ya mtu mmoja yalianza nyuma ya banda kabla ya wenzake. Hakugeuka kutazama. Alijua ni ya nani.