Mama Mkwe na Bolti ya Breki

Jumamosi ile tulipaswa kumpeleka mama mkwe wangu kwa dada yake saa nane mchana, na mimi tangu asubuhi nilikuwa uani nabadilisha pedi za breki. Kazi ya saa moja tu, nilimwambia mke wangu. Saa nne na nusu ilinikuta nimekaa chini, vidole vinavuja damu, bolti moja nyuma ya gurudumu la mbele imenigomea.

Nilikuwa nimeivuta kwa spana, nikaipiga spana teke, nikarefusha mpini kwa kipande cha bomba. Mara ya mwisho spana iliteleza. Nilipochungulia, kichwa cha bolti kilikuwa mviringo kama kifungo cha koti. Pembe zote sita zimelika.

"Tumwite fundi," mke wangu alisema kutoka dirisha la jikoni.

"Fundi wa nini? Bolti ni bolti."

"Na ubishi ni ubishi," ilijibu sauti nyingine. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Niseme ukweli. Kwa miaka sita nilimjua mama huyu kama mtu wa maneno machache, asiyekubali kubebewa hata mfuko. Nilijua alistaafu kwenye mitambo ya maji. Mengine nilijijazia mwenyewe: karani, nikasema moyoni, na sikuwahi kuuliza.

Aliinama, akatazama chini ya gari kabla hajaiangalia bolti.

"Jeki peke yake? Unataka mwanangu awe mjane?"

Nikalisukumia chini ya gari lile gurudumu nililolivua, liwe tegemeo. Akapindua ndoo, akaikalia, akakunja mikono ya gauni.

"Una tupa?"

"Ninayo, mama."

"Brashi ya waya? Nyundo ndogo? Mafuta ya kulegeza kutu?"

Vyote nilikuwa navyo. Hilo ndilo lililoniuma.

Alisugua kutu, akafunika diski ya breki kwa kitambaa. "Breki ikinywa mafuta haishiki." Kisha akapulizia mafuta, akaanza kugonga kichwa cha bolti polepole, kok, kok, kok, kama mtu anayebisha hodi nyumba anamofahamika. Halafu akaweka nyundo chini, akarudia chai yake.

"Mama, saa zinakwenda."

"Ziache ziende. Mafuta hayana miguu, yanatambaa."

Tukasubiri. Na katika kusubiri huko ndipo nikajua kwamba mama mkwe wangu alikuwa fundi wa pampu miaka ishirini na saba, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja. Mwaka wake wa kwanza alilazimisha bolti kama mimi, ikakatikia ndani. Nusu ya mji ilikosa maji siku mbili.

"Watu walipanga ndoo barabarani," alisema. "Nikawa napita nimeinamisha kichwa. Tangu hapo sikuvunja nyingine."

Akashika tupa. Sikuwahi kuona mkono stadi namna ile. Alichonga upande mmoja wa kichwa, akahamia ule unaoukabili, akipima kwa ukucha tu, mpaka bolti ya namba kumi na saba ikakaribia kuwa kumi na sita. Akachukua boksi la spana la namba kumi na sita, akaligongomea juu yake. Likakaa kama limezaliwa pale.

"Sasa kaza."

"Nikaze? Si tunafungua?"

"Kaza kidogo. Aliyeng'ang'ania kiti humsukumi mlangoni. Mwambie asogee ndani kwanza."

Yeye alilishika boksi lisipinde, mimi nikakaza kiasi cha unywele mmoja, kisha nikavuta upande wa kufungua. Ikalia ka!

"Imekatika, mama!"

"Hapana. Ikikatika, mkono unakuwa mwepesi ghafla. Wako mwepesi?"

"Mzito."

"Basi inakuja."

Ilikuja. Robo mzunguko nje, kidogo ndani, mafuta tena, nje. Ilipoanguka kiganjani mwangu ilikuwa ya moto, na mke wangu alipiga vigelegele dirishani, sijui vilikuwa vya mama yake au vya kunicheka.

Bolti ya pili aliniachia. Nilisugua, nikagonga, nikasubiri, nikakaza kabla ya kulegeza. Ilitoka na pembe zake zote. Hakunisifu, alinyoosha tu kitambaa nijifute mikono. Mke wangu alileta bolti mpya kutoka duka la vipuri, nikafunga kila kitu.

Barabarani, mahali pasipo na magari, mama mkwe aliteremsha kioo akatega sikio.

"Kanyaga breki. Tena. Tena." Kisha: "Haya, tunachelewa."

Nikamuuliza pampu ya kwanza aliyoifungua ilikuwaje. Alizungumza njia nzima. Tulipofika, dada yake alisimama getini mkono kiunoni akitungoja, na sisi bado tumekaa garini, mimi nauliza, yeye anaonyesha kwa vidole jinsi maji yanavyopanda.