Umati Mezani kwa Bujiku

Wivu ulimkaba Maduhu tangu alipoona watu wanakojazana. Mwaka ule wa 1953, ukumbi wa makarani pale mgodini Geita ulifurika mpaka madirishani kwa fainali ya sataranji ya mataifa: Tanganyika na Waitaliano, mafundi wa mitambo waliobaki nchini baada ya vita na wenye kombe tangu mwaka uliopita. Meza nne, kila taifa watu wanne. Na umati wote ulikuwa umeizunguka meza ya kwanza, meza ya Bujiku. Kwenye meza ya pili, kwa Maduhu, alisimama mzee mmoja tu, naye alikuwa akitafuta pa kuegemea.

Hebu niambie, angeachaje kuumia? Yeye ndiye aliyemfundisha Bujiku mchezo wenyewe, kwa kete za mabunzi ya mahindi! Tena Maduhu ni Mgalu, Bujiku ni Mgika, na vikundi hivyo viwili vya ngoma vikikutana uwanjani Usukumani, mwamuzi wa nini? Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, basi. Marehemu baba yake Maduhu aliwahi kucheza na chatu shingoni ili umati umhame mpinzani.

Meza ya tatu Tanganyika ilishinda, ya nne ikashindwa. Bujiku naye alikuwa amembana Mwitaliano wake, kila mtu aliliona hilo. Ndipo mpinzani wa Maduhu, fundi mwenye masharubu, akanyoosha mkono.

"Sare, bwana?"

Sare ingetosha. Sare hiyo na ushindi wa Bujiku, kombe lingekuja Tanganyika. Maduhu alilijua hilo vizuri. Alijua pia ni nani angebebwa mabegani.

"Sitaki sare!" alisema, akasikika hadi mlangoni. Akamshika malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akamtupa katikati ya maadui.

"Ametoa malkia!" Philomena, mke wa karani mkuu, alipiga yowe.

Watu wakamiminika. Walipanda viti, walisukumana, walimhemea Maduhu kisogoni, naye akasikia raha mwili mzima. Akaitupia jicho meza ya kwanza. Bujiku alikuwa amebaki na Mwitaliano wake tu. Haya sasa, Mgika, kaa na upweke wako!

Haukupita muda, mfalme wa Maduhu akakosa pa kukimbilia, na meza ya pili ikapotea. Kwenye meza ya kwanza Bujiku alikuwa ameshinda. Mbili kwa mbili, na kwa kuwa hakuna aliyemzidi mwenzake, kombe lilibaki kwa Waitaliano. Umati ulitoka ukisonya.

Bujiku alikuja taratibu, macho mekundu kwa kuukodolea ubao.

"Pole, nkoi, rafiki yangu. Mchezo ndivyo ulivyo."

"Walikuhama," Maduhu alisema. "Uliwaona? Wote walikuhama wakaja kwangu."

Bujiku aligeuka, akautazama ukumbi mtupu na viti vilivyopinduka.

"Akina nani?" aliuliza. "Kwani kulikuwa na watu?"