Bangili ya Hilda Mwaluko

Hilda Mwaluko analala mchana, ameegemea ukuta wa mahabusu ya mahakama, akingoja kuitwa kusikia hukumu ya kesi yake ya ulaghai na kusababisha kifo, na usingizi unapomshika ukuta unalegea kama pazia, naye anaangukia barabarani. Barabara haina mwanzo. Kandokando yake ni majumba ya vioo, na katika kila kioo yumo yeye: hapa anapewa tuzo, pale mawaziri wanampigia makofi, kule anainua bangili aliyoibuni, ya kuwapima wajawazito presha bila daktari. Anazipenda sura hizo hata sasa, na kuzipenda kunamuuma. Nesi asiye na uso anamshika mkono. Tunakwenda wapi, dada? Hilda anauliza. Nesi anajibu, Kule wanakozikwa walioambiwa ni wazima. Wanatembea, na vioo vinabadilika, vinaonyesha yale ambayo hakuyasema jukwaani: fundi wake mkuu, Abeid, anasema, Bosi, bangili inakosea, presha ikipanda sana inasoma kawaida. Naye Hilda anamjibu kwa upole, Badilisha majibu, Abeid, wafadhili wanakuja kesho, tutairekebisha baadaye. Hiyo baadaye haifiki. Bangili zinagawiwa zahanati hadi zahanati. Barabara inazunguka, inarudi palepale, kisha inakatika mbele ya kitanda cha wodi. Amelala mjamzito, Tabitha, ambaye Hilda anamjua kwa ile picha iliyoonyeshwa mahakamani tu. Mkononi mwake bangili inawaka kijani. Kichwa kinanipasuka, Tabitha anasema, macho yanaingia giza, lakini kifaa chako kinasema sina neno. Nifanyeje, dada? Hilda anataka kumwambia akimbizwe hospitali kubwa, ila kinywani yanatoka maneno ya tangazo: Mama, tulia, uko salama. Anayarudia, hawezi kuyazuia, mpaka Tabitha anafumba macho na kutulia kabisa.

Anashtuka. Askari wa kike anagonga nondo. Hilda anajifuta jasho, anasema, Niko tayari, afande, twende nikasikie hukumu. Askari anamtazama kwa huruma iliyochoka. Hukumu gani tena, Mwaluko? Ulishahukumiwa, umefungwa tangu mwaka jana. Amka, uji unapoa. Hilda anasimama, anaungana na foleni ya wanawake, hajui ameamkia wapi. Anaomba iwe bado anaota. Halafu anaomba isiwe, asije akamwambia tena Tabitha atulie. Lakini kule ndotoni, japo kidogo, Tabitha alikuwa hai, na alimwuliza yeye la kufanya.